Kukauka si Kuoshwa: Hotuba kuhusu Laptopu Iliyomwagikiwa

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanafunzi, wazazi na mafundi chipukizi, Tudor, Mombasa.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama hadi mlangoni, assalamu alaikum, na wenzetu wote hamjambo. Nawashukuru walionialika. Niliombwa nizungumze juu ya utengenezaji wa kompyuta, nami nimeona nisitawanye maneno. Nitashika jambo moja tu, laptopu iliyomwagikiwa. Iwe chai, iwe maji, soda, madafu au juisi ya ukwaju.

Nimelichagua kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi mezani pangu. Mashine iliyochakaa imechakaa, umri wake umefika, hatuna la kulaumu. Lakini hii ya kumwagikiwa mara nyingi hunifikia ikiwa imeuawa baada ya ajali, si na ajali yenyewe. Imemalizwa na mwenyewe, mtu anayeipenda na kuitegemea, aliyetaka kujua tu kama bado inawaka.

Neno langu la leo ni hilo, nalisema mapema ili anayetoka kabla ya mwisho atoke nalo: ikimwagikiwa, usiiwashe. Usiiwashe kujaribu. Usiitie chaja eti iamke. Usibonyeze kitufe kila baada ya nusu saa kuona kama imepona. Na sababu zake nitazieleza kwa kirefu, maana mtu akikatazwa bila kuambiwa kwa nini, akifika nyumbani atafanya.

Tuanze na maji yenyewe. Maji safi kabisa, yasiyo na chochote ndani yake, hupitisha umeme kidogo mno. Kinachopitisha umeme ni chumvi na asidi zilizoyeyuka humo. Na sisi watu wa Mombasa maji yetu tunayajua. Nyumba ngapi hapa kisiwani zinategemea kisima, na visima vingapi vina chumvi hata sabuni inakataa kutoa povu? Maji hayo yakiingia kwenye bodi, ule ubao wa ndani wenye njia za umeme, hayafanani kabisa na maji ya mvua. Ama ya bahari, hayo ni balaa. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya kiasi cha gramu 35. Laptopu iliyopigwa na wimbi pale Mama Ngina, au begi lililoanguka majini kwenye feri ya Likoni, hiyo usingoje kesho. Ipeleke kwa fundi saa ile ile.

Soda nayo ina mambo yake. Kola ina asidi ya fosfori, ukwaju una asidi ya tartari, na zote mbili huila shaba. Juu ya asidi kuna sukari. Sukari haipitishi umeme kama chumvi, lakini ikikauka hubaki gundi, na gundi ile hushika unyevu wa hewa na kuukalisha papo hapo juu ya vipande vya bodi. Chai ya maziwa inaongeza mafuta na protini. Kwa hiyo ukiniuliza kipi afadhali kimwagike, nitakwambia maji ya kunywa ya chupa, kisha kahawa chungu isiyo na sukari, na vyote vinavyobaki ni vibaya kwa namna yake.

Sasa twende ndani. Chini ya kibodi kuna bodi kuu, yenye njia nyembamba za shaba, na juu yake vipande vingi sana, vingine havifiki hata milimita moja kwa urefu. Njia moja na jirani yake zimetenganishwa na sehemu ndogo ya milimita. Hii ina volti 3.3, ile ina 5, nyingine ina 19 zinazotoka kwenye chaja, na ya pembeni yake ni ardhi, yaani sifuri. Tone la maji ya chumvi likizifunika njia mbili zenye volti tofauti, hutokea mambo mawili.

La kwanza ni la papo hapo. Umeme unavuka pasipo njia yake, na hapo mafundi tunasema imepiga shoti. La pili linakwenda polepole, na hili ndilo wengi hawalijui. Shaba ya upande wa chanya huanza kuyeyuka. Chembe zake husafiri ndani ya lile tone mpaka upande wa hasi, zikajijenga huko, zikaota nyuzi za madini nyembamba mno ambazo mwisho huunganisha pande mbili. Upande mmoja njia inaliwa hadi inakatika, upande wa pili inaota shoti mpya ambayo jana haikuwapo. Ile rangi ya kijani na ile nyeupe mnayoiona bodi ikifunguliwa ndiyo masalio ya kazi hiyo.

Nisikilizeni hapa vijana. Kazi hiyo ya pili inaendeshwa na umeme. Ukiondoa volti, shaba na bati bado vinaweza kuliwa na chumvi na unyevu, lakini kasi yake inakuwa nyingine kabisa. Na laptopu iliyozimwa haijaachana na umeme. Maadamu betri imeunganishwa, zipo njia zinazobaki hai usiku na mchana, volti 3.3 kwa kawaida na mara nyingi 5, zikingoja ubonyeze kitufe. Ndiyo maana mtu huizima vizuri, akaipangusa, akaifunika kwa taulo, akalala akiamini ameiokoa. Usiku kucha betri inafanya kazi ndani ya chai.

Alikuja mama mmoja kutoka Majengo na laptopu ya bintiye aliyeko chuoni. Ilikuwa imemwagikiwa chai wiki iliyotangulia. Waliikausha, ikawaka, binti akaandika kazi zake, kisha asubuhi moja ikakataa. Mama akaniambia, "Mwanangu, mbona juzi ilikuwa ikifanya kazi? Hii si ile chai." Nikamjibu, "Ni chai ile ile, mamangu. Kila siku ilipowashwa, ndivyo ilivyozidi kuliwa." Nikaifungua mbele yake. Karibu na soketi ya chaja palikuwa kijani kitupu. Alinyamaza, na mimi nilisikitika, kwa kuwa mashine ile ingeletwa siku ya kwanza kazi yake ingekuwa kuosha tu.

Basi imemwagika, sasa hivi, mezani. Ufanye nini?

Kwanza itazame njia ya umeme mkubwa. Kama maji yamefika kwenye plagi au kwenye ekstensheni, usiguse waya. Zima swichi ya ukutani kwanza, na kama swichi yenyewe imelowa, kata umeme wa nyumba. Umeme wa nyumbani hapa Kenya ni volti 240, nao haucheki na mtu aliyelowa mikono. Laptopu hununuliwa, mtoto hanunuliwi. Likishakuwa salama hilo, chomoa chaja, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie bila kukiachia mpaka mashine izime yenyewe; huchukua kama sekunde kumi. Usianze kuhifadhi kazi, usifunge programu moja moja. Aya mbili za insha zitapotea. Zikubali zipotee.

Chomoa kila kilichochomekwa, flashi, kipanya, kila kitu. Fungua kifuniko, uigeuze, uisimamishe juu ya taulo kibodi ikitazama chini, umbo lake likiwa kama herufi V iliyopinduliwa. Maji yaliyoingia kwa juu yatoke kwa juu yalikoingilia. Usiitikise. Ukiitikisa unayatembeza maji hadi kwenye pembe ambazo yalikuwa hayajafika. Baadhi ya laptopu, na ThinkPad nyingi ni hivyo, zina vijifereji chini ya kibodi na matundu ya kutolea maji upande wa chini. Hizo husamehe zaidi, ingawa nazo zina kiwango chake.

Kisha betri. Laptopu za zamani zina betri ya kuchomoa kwa vishikizo viwili, hiyo itoe mara moja. Za siku hizi betri imefungiwa ndani, na mwenye bisibisi ndogo na mkono mtulivu anaweza kufungua skrubu za chini, akainua kifuniko, akachomoa soketi ya betri kutoka kwenye bodi. Kwa kuokoa mashine, kitendo hicho kimoja kinapita vyote nitakavyovitaja leo. Asiyejua asijaribu kwa kisu cha jikoni, kwani betri ya lithiamu ikitobolewa huwaka moto. Yeye afanye haraka kwenda kwa fundi, Digo Road, Mwembe Tayari, popote pa karibu, na neno la kwanza amwambie, "Fundi, nichomolee betri." Hayo mengine yanaweza kungoja zamu. Na betri ukiikuta imevimba, ina joto, inatoa mlio au harufu ngeni, itoe nje ya nyumba, uiweke kwenye sakafu ya saruji mbali na kinachoshika moto, usiilalie wala usiichaji tena.

Sasa nifike kwenye mchele, maana najua mnaungoja.

Mchele hauokoi laptopu. Nasema hivi nikijua kwamba wengi humu mmewahi kuutumia, na wengine mtasema ulisaidia. Mchele hauvuti maji yaliyojificha chini ya chipu, vile vipande vyeusi bapa vya bodi. Unga wake na vipande vyake huingia kwenye soketi na kwenye feni. Kampuni ya Apple mwaka 2024 iliwaandikia wenye simu zake wazi kabisa wasiitie simu iliyolowa kwenye mfuko wa mchele, kwa sababu vipande vidogo vyaweza kuiharibu. Lakini tuseme mchele ungekuwa na nguvu hizo, ukavuta kila tone. Chumvi ingekwenda wapi? Sukari ingekwenda wapi? Sufuria la uji ukilianika juani litakauka vizuri tu, na hakuna mama humu ndani atakayesema limeoshwa. Maji hutoka, uchafu unabaki, na uchafu huo ukipata unyevu mwingine huanza kazi upya.

Na unyevu hapa kwetu hautafutwi. Hewa ya Mombasa mara nyingi ina unyevu unaozidi asilimia 70, na kwenye masika ya Aprili na Mei ndiyo usiseme. Anayekaa bara penye hewa kavu anaweza kuacha kitu mezani kikakauka; wewe unayekaa Nyali karibu na ufuo, hewa yenyewe inayopita dirishani ina chumvi. Kwa hiyo ule ushauri wa "iache saa 48 kisha uwashe" si wa pwani, na hata kwa wa bara siupendi. Saa hizo 48 betri ikiwa bado imeunganishwa ni saa 48 za kuliwa.

Draya ya nywele nayo tuiache. Hupuliza maji ndani zaidi na hukunja vitufe. Jua kali huichosha betri na kuiharibu skrini. Feni ya kawaida, upepo wa kawaida, mashine ikiwa imefunguliwa na betri imechomolewa, hiyo haina madhara, ila ni ya kungojea tu wakati unatafuta fundi.

Maneno yanayofuata ni ya nyinyi mnaotaka kazi hii. Wazazi mnaweza kuyasikiliza pia, mjue fundi mzuri mmtambue kwa lipi.

Bodi itolewe yote. Fundi anayefungua kifuniko cha chini, akapangusa panapoonekana na kukifunga, hajafanya kazi. Kimiminika huingia kwa kibodi, na kwenye laptopu nyingi uso wa bodi unaotazama kibodi ndio usioonekana ukifungua kwa chini. Itoe, ondoa vifuniko vya bati vilivyofunika vipande, weka chini ya hadubini au hata lenzi, utazame. Tafuta kijani, tafuta weupe, tafuta doa la kahawia la sukari, tafuta mguu wa chipu uliokuwa mweusi. Piga picha kabla hujagusa.

Kuosha kunaanza na maji, jambo linalowashangaza wengi. Spiriti ya isopropili peke yake haiyeyushi chumvi wala sukari ipasavyo, hivyo ukianza nayo unaisambaza sukari. Anza na maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale yanayouzwa vituo vya petroli na maduka ya spea kwa jina la maji ya betri. Hakikisha umepewa maji, kwa kuwa asidi ya betri nayo iko rafu ile ile na itaiteketeza bodi na mikono yako. Maji ya bomba usiyatumie, ya kisima usiyataje. Sugua kwa mswaki laini, taratibu. Baada ya maji ndipo ije isopropili ya asilimia 99, iyafukuze maji yaliyobaki na kukausha. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa ina sehemu kubwa ya maji, haifai kumalizia. Na spiriti zile za rangi zina vitu vinavyobaki juu ya bodi. Fungua madirisha, zima kila moto, maana mvuke wa isopropili unawaka. Mwenye mashine ya kuoshea kwa mawimbi ya sauti aitumie kwa bodi tupu, bila ile betri ndogo inayotunza saa ya kompyuta, bila feni, bila skrini. Hiyo ndiyo inayofika chini ya chipu pale mswaki usipofika.

Kausha kwa joto dogo, tena bila haraka. Na bado hujafika wakati wa kuwasha. Sasa ndipo mita ya kupimia umeme inaposhikwa.

Pima upinzani, yaani namna njia inavyozuia umeme kupita, kati ya njia ya chaja na ardhi, kisha njia kuu inayolisha bodi, kisha njia za 5 na 3.3, kisha njia za prosesa, ubongo wa kompyuta, na za RAM, kumbukumbu yake ya muda. Njia yenye upinzani wa karibu na sifuri pasipotarajiwa ina shoti. Njia ya prosesa kwa tabia yake huwa na upinzani mdogo sana, usiihukumu haraka. Linganisha na mchoro wa bodi hiyo au na bodi nzima ya aina moja. Nimeona vijana wakibadilisha prosesa isiyo na kosa kwa kutojua hili, na mteja akalipa.

Ukishaipata njia yenye shoti, utakijuaje kipande chenyewe kati ya vyote vilivyoshikwa na njia hiyo? Hapa pana ufundi ninaoupenda kuliko wote. Chukua pawa saplai ya mezani, tia volti ndogo isiyozidi kiwango cha njia hiyo, zuia mkondo usiwe mkubwa, kisha lowesha eneo kwa isopropili. Tazama. Umeme wote unakimbilia kwenye kipande kilichopiga shoti, kinapata joto, na isopropili iliyo juu yake inakauka kabla ya kwingine. Doa kavu linajitokeza lenyewe. Mara nyingi ni kapasita moja ndogo, kipande cha kuhifadhi umeme kidogo. Unaiondoa, unapima tena, na njia imerudi. Lakini angalia volti unazotia! Prosesa inatumia kama volti 1 tu. Ukiingiza 19 kwenye njia yake umeiua kwa mkono wako, na hakuna kuosha kutakakoirudisha.

Njia zikiwa safi, sasa iwashe, tena ikiwa tupu. Bodi, kipozeo chake na feni, kadi moja ya RAM, chaja, na skrini ya nje kwa waya wa HDMI. Kibodi usiiunganishe. Kadi ya WiFi iache. Ukiona picha, zima, ongeza kitu kimoja, washa. Zima, ongeza cha pili, washa. Utaratibu huu unachosha, ila ndio unaokwambia kosa liko wapi bila kubahatisha vipuri.

Kibodi nimeitaja makusudi. Ndiyo ya kwanza kulowa na ndiyo ya kwanza kufa, na ikifa hudanganya. Ndani yake kuna tabaka za plastiki zenye njia zilizochorwa, na sukari ikikaa kati ya tabaka hizo, kitufe kinakuwa kimebonyezwa daima. Utaona herufi zinajiandika, au sanduku la nywila linajaa vidoto bila mtu kugusa, au mashine inalia inapowaka na kukataa kuendelea. Wengine huambiwa bodi imekufa kumbe ni kibodi. Tena laptopu nyingi za leo kitufe cha kuwashia kimo kwenye kibodi hiyo hiyo. Kikiharibika, mashine nzima inaonekana maiti ilhali bodi ni nzima. Fundi mwaminifu huhakikisha hili kabla ya kutamka bei ya bodi. Kibodi iliyoingia soda mimi sipotezi muda kuiosha, naibadilisha.

Dalili nyingine nitazipitia kwa haraka. Taa ya chaja ikizimika mara unapochomeka kwenye laptopu na kurudi ukichomoa, chaja inajikinga na shoti. Feni ikizunguka bila picha, mulika skrini kwa tochi ya simu. Ukiona picha hafifu, prosesa iko salama na tatizo ni taa ya nyuma ya skrini. Isipochaji lakini inafanya kazi kwa chaja, tazama sehemu ya kuchajia na soketi ya betri.

Soketi ya skrini, hapo nitasimama kidogo. Waya wa skrini una pini nyembamba zilizopangwa bega kwa bega. Baadhi hubeba picha kutoka kwenye prosesa au chipu ya picha kwa volti ndogo sana, na pini chache kando yake hubeba umeme wa taa ya nyuma, ambao ni mkubwa mara nyingi zaidi. Tone moja likiziunganisha hapo, umeme wa taa unaingia kwenye njia za picha na kuichoma chipu ghali kuliko zote. Haya hutokea mtu anapoiwasha kuangalia tu. Kwa hiyo mashine ambayo ingehitaji waya mpya inakuwa ya kutupwa kwa sekunde moja ya kubonyeza kitufe. Mkisahau yote, hili la pini msilisahau.

Mzazi unayepeleka mashine, mweleze fundi ukweli. Ilimwagika nini, saa ngapi, uliiwasha mara ngapi baadaye. Kuna wanaoficha kwa kudhani bei itapanda, wakasema "ilizima tu yenyewe." Ukificha, fundi atatafuta kosa jingine, atatia umeme kwenye bodi iliyolowa, na hasara ni yako. Hata waranti haikusaidii kwa kuficha: waranti za kawaida hazilipii kimiminika, na watengenezaji wengine hubandika ndani vikaratasi vinavyogeuka rangi vikiguswa na maji.

Na mwambie pia unataka nini kwanza, mashine au mafaili. Hili huwa haliulizwi, na mimi nasikitika sana, kwa sababu picha za harusi, tasnifu ya miaka miwili, hesabu za duka la Marikiti, hivyo havina spea. Kama diski ni ile ya kuchomoka, itolewe siku ya kwanza kabisa, ipanguswe, itiwe kwenye kasha la USB, mafaili yanakiliwe kwenye kompyuta nyingine. Kuna vizuizi viwili. Laptopu nyingi za Windows diski zake zimefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda mafaili, na kuifungua nje ya mashine yake kunahitaji ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenyewe. Utafute leo, ukiwa na amani, uuandike mahali. MacBook za miaka ya karibuni ni ngumu zaidi: hifadhi imelehemiwa kwenye bodi na imefungamanishwa na chipu yake, kwa hiyo hakuna kuchomoa, bodi yenyewe lazima ifufuke ndipo mafaili yatoke. Mwenye mashine ya namna hiyo asiye na nakala pengine yuko kwenye hatari kila anapoweka kikombe mezani.

Mafundi vijana, mteja akikwambia mafaili ndiyo muhimu, usiende na bodi hatua ya hatari kabla hujamwokolea. Na usimwambie mtu "imekufa" kwa kuitazama kwa nje.

La mwisho ni kwa yule ambaye imewaka. Umeoshewa, imepimwa, imerudi nyumbani na inaandika. Jioni hiyo hiyo, kabla hujafungua kitu kingine, nunua au azima diski ya nje na unakili mafaili yako yote. Chini ya chipu kubwa panaweza kuwa na chumvi iliyoponyoka mswaki, na hapa pwani itapata unyevu. Baada ya mwezi mmoja mrudishie fundi aifungue tena aitazame, hasa karibu na soketi ya chaja, ya skrini na ya betri. Akiona kijani kinarudi, aoshe mapema. Fundi anayekataa kuitazama tena mashine aliyoiosha, mtafute mwingine.

Nimeleta bodi mbili hapa mezani, moja imeoshwa na nyingine bado ina chai yake ndani. Sogeeni mzitazame kwa lenzi, wanafunzi kwanza. Bibi pale mbele umeinua mkono muda mrefu, nisamehe kwa kukuweka. Uliza, nakusikiliza.